Bendera Nyekundu Katika Mihogo

Mpaka leo nikipita kwa miguu barabara ya kwenda mji wa Kama, kinachonichefua ni mashimo. Sisemi yale tuliyotoboa sisi kwa mashine, membamba, yaliyonyooka. Nasema ya ndugu zangu: maji ya kijani, nzi, na mavi pembeni.

Nilitoka Kindu wakati wa vita, mji umezingirwa, reli imekatika, chumvi hakuna. Mama mdogo alitulisha sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, isiyo na mafuta, kutoka shamba lake la mihogo kando ya barabara hiyo. Nilitembea hadi Lubutu, nikafika Kisangani, nikabeba magunia mchana na kusoma jioni. Diploma yangu ya fizikia ya ardhi sikupewa na mjomba wala na chama. Niliporudi, nilirudi nikiwa kiongozi wa msafara. Wageni wenye mashine hawakuanza kazi kabla sijainua mkono.

Kazi yenyewe ni safi. Unalipua baruti ndani ya shimo refu. Mtikisiko unashuka kilomita nyingi, unagonga matabaka ya mwamba, unarudi juu. Vifaa vidogo vilivyochomekwa ardhini kwa mstari mrefu vinausikiliza mwangwi huo, nasi tunachora jinsi gamba la dunia lilivyokaa, pamoja na nyufa za kale ambamo dhahabu ilipandia. Hatutafuti punje, tunatafuta ilikotoka. Kila penye kifaa tuliweka kibendera chekundu, na kimoja kiliangukia katikati ya mihogo ya mama mdogo.

Asubuhi ya kulipua niliwakuta wanawe wawili wamezama shimoni hadi kiunoni, palepale penye kibendera. Mihogo michanga imeng'olewa na kutupwa. Mama mdogo amesimama barabarani na kikapu kitupu.

"Mama, mbona hauingie?"

"Wamenikataza. Wanasema mwanamuke akikaribia shimo, dhahabu inakimbia."

Shamba lake mwenyewe!

"Tokeni humo," nikawaambia wale wawili. "Bendera haionyeshe dhahabu. Sisi tunaangalia chini kabisa, hata mutoto wa mutoto wenu hatafika kule."

"Yaya, weye mukubwa wetu, unatuona wajinga?" akasema mkubwa wao. "Nani analeta magari yote ile juu ya kuangalia mawe tu?"

"Muzungu mweusi anataka kula peke yake!" akadakia mdogo wake, wakacheka hadi wakashikana mabega.

Nikaking'oa kibendera kwa hasira.

"Umeona? Anaficha! Dhahabu njo iko hapa kabisa!"

Wakachimba kwa kasi zaidi. Kila sululu lilipogonga, vifaa vyetu vilisikia sululu badala ya tumbo la dunia, na mihogo mingine ikaanguka.

Hapo nikafanya kisichofundishwa chuoni. Nilichukua rundo la vibendera, nikashuka kwenye kinamasi kunakotupwa takataka za soko, nikavipanda ovyo huku nikitazama nyuma kama mwizi. Kabla ya adhuhuri, ndugu zangu na nusu ya mtaa walikuwa kwenye matope yale, wananuka kama nyama iliyooza, wanasukumana, wanatukanana mama zao. Nami nikainua mkono, tukalipua. Kipande kile cha mstari kilitoka safi kuliko vyote. Wataalamu waliokiona waliuliza ni nani aliyesimamia, wakaonyeshwa mimi.

Mama mdogo aliingia shambani mwake. Alisukuma udongo kwa miguu kufukia mashimo, akarudishia ardhini vijiti vya mihogo vilivyokuwa bado hai, akaokota mizizi myembamba kama vidole. Nikasimama karibu, nikingoja shukrani yangu.

Akapangusa muhogo mmoja kwa kitenge, akatazama kulia na kushoto, kisha akatazama kinamasi.

"Mwanangu," akanong'ona, "weye na mimi tu. Kule chini, dhahabu iko mingi?"

Nilikwenda kwenye gari, nikaomba maji ya kuosha viatu.