Mimba Iliyokaa Pasipo Pake

Mwaka niliougua tumbo, Kindu ilikuwa nyumba chache za udongo kwenye ukingo wa Lualaba, mashamba ya mpunga nyuma yake, na watu wengi sana waliojua dawa. Mume wangu, mtu wa pwani, alifanya biashara ya pembe za ndovu. Mimi ni mzaliwa wa huku huku. Mwezi ulipita, wa pili ukaingia, sikuona damu yangu, nikafurahi kimya kimya.

Asubuhi moja nikitwanga mpunga, maumivu yalinichoma upande wa kushoto, chini ya kitovu. Mchi ukaniponyoka. Nilipozinduka nilikuwa mkekani, jasho la baridi limenilowesha, na mkunga wetu, mama mtu mzima aliyezalisha karibu mtaa wote, ananipapasa tumbo.

"Mimba imetoka," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Njo vile. Itaisha."

"Damu iko wapi?" mume wangu akauliza. Kwake yeye, kitu kikitoka ghalani lazima kionekane mlangoni.

Mkunga akamwonyesha kitambaa: damu kidogo, nyeusi, isiyojaza kiganja. "Ingine itakuja, bwana."

Haikuja. Siku ile hakuna aliyeuliza swali zuri kuliko hilo, lakini kwa kuwa liliulizwa na mwanamume katika mambo ya wanawake, liliachwa lipite.

Jioni bega likaanza kuniuma, hasa nikilala chali. Mkunga alisema ni kazi ya kutwanga. Mume wangu hakuridhika, akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alinitazama kwa mbali, kwa heshima, akasema ni jini la mto, limenikalia begani. Akaandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani ndani ya sahani, akaliosha kwa maji, nikanywa.

"Ugonjwa iko tumboni, mwalimu," mkunga akasema.

"Uko begani, mama. Mwenyewe amekwambia."

Wakabishana hivyo, mimi katikati, midomo imekuwa kama unga wa muhogo. Nilitaka kuwaambia kwamba tumbo na bega vyote ni vyangu, lakini sauti haikutoka.

Mkunga alikuwa amekwisha kupasha moto vitambaa ili anikande kwa nguvu, damu ishuke. Kabla ya kuanza alinifunua jicho, akaona ndani hakuna hata wekundu. Akaviweka vitambaa chini. "Muntu asimuguse," akasema. Mwalimu akaunga mkono upesi: jini halipendi kushikwashikwa. Ndipo walipopatana kwa mara ya kwanza, nami nikaachwa nilale.

Mume wangu alitoka kutafuta bafta ya sanda. Alirudi nayo, akaificha nyuma ya mtungi, akaketi karibu yangu akilia kwa siri ambayo nyumba nzima iliisikia. Sikufa. Tumbo lilikaa gumu kwa muda mrefu, nikinywa uji wa mchele, kisha nikasimama. Mwalimu alipewa mbuzi kwa ajili ya jini, mkunga akapewa mbuzi kwa ajili ya mimba. Ile bafta niliishona kanzu, ilinikaa vizuri.

Miaka ilipita, serikali ya Wazungu ikaja, na daktari wao akapita Kindu. Nilimweleza yote, askari mmoja akitafsiri. Daktari akachora tumbo la uzazi mchangani, na pembeni yake mrija mwembamba kama utumbo wa kuku.

"Mimba ilikaa humu, pasipo pake," akasema. "Mrija ukapasuka. Damu ilimwagikia ndani, na hiyo ndiyo inayoumiza bega. Mama, ulipaswa kufa."

"Samahani," nikamwambia. "Na wewe ungekuwepo, ungefanya nini?"

Alifikiri sana, kwa uaminifu. "Hapa? Ningekuambia ulale, usiguswe."

Mkunga, aliyekuja nami, akacheka mpaka akashika mbavu. Daktari akanionya kwamba huenda nisizae tena. Askari alitafsiri kwa huruma nyingi, nami nikamhamisha binti yangu kutoka mgongoni hadi kifuani, maana alikuwa ameanza kulilia ziwa.