Siku Niliyosusia Shughuli ya Bi Tatu

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata nikitaka kuisahau. Nilikuwa msichana wa Mji Mkongwe, mwenye ulimi mrefu kuliko adabu. Kama mnavyobishana nyinyi leo kwenye simu, mitaa yote ilikuwa na neno moja: Zanzibar ijitenge na Muungano, iwe dola peke yake, au ibaki? Mimi nilitaka ijitenge, tena leo kabla ya kesho. Jirani yetu, mume wa Bi Tatu, akasema barazani bila kificho kwamba yeye anautaka Muungano. Babu yake alitoka bara. Kwangu ikawa imetosha kumwona si mwenzetu.

Wiki ile Bi Tatu alikuwa anamwoza binti yake Rehema, niliyesoma naye chuo cha Kurani. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wasiende kupika. "Mwacha asili ni mtumwa," nikawaambia, kama kwamba methali ile niliitunga mimi. Wakanisikiliza.

Asubuhi ya shughuli nimekaa nyumbani, kichwa kimenivimba, shangazi yangu Bi Mize akatoka chumbani na mbuzi yake ya kukunia nazi. Bi Mize ni Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, na Watumbatu unawajua, hawafundishwi na mtu kujivunia kisiwa.

"Nnakwenda kwa Bi Tatu," akasema.

"Shangazi, wale si wenzetu."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Wazee wetu walikuwako hapa kabla ya huo mji wako wa mawe, na sijasikia hata mmoja aliyemwacha jirani na shughuli peke yake. Hiyo ndiyo asili. Na karafuu za mashamba ya Kizimbani unazojisifia, babu yake mume wa Bi Tatu ni miongoni mwa waliozipanda. Haya, inuka."

Nikamfuata, kwa kumwonea haya zaidi kuliko kuelewa. Uani tulimkuta Rehema mwenyewe, bi harusi, na hina yake mikononi, anamenya vitunguu. Bi harusi, mwanangu! Siku ambayo hata maji ya kunywa huletewa. Mama yake alikuwa kando, anachagua mchele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bi Tatu hakunisuta. "Karibu, mwanangu. Nazi zile pale."

Machozi yakanitoka. Nikamwambia Rehema kwamba aliyewazuia watu ni mimi. Akanitia kisu mkononi. "Basi menya wewe," akasema. "Mimi nshalia vya kutosha."

Wanawake niliowazuia waliposikia Bi Mize yuko pale, wakaja mmoja mmoja, na kufika adhuhuri vigelegele vikasikika mtaa wa pili. Siku ile nilijivunia Uzanzibari wangu kuliko siku zote nilizoupigia kelele.

Wala usidhani niliacha msimamo. Mpaka leo nataka kisiwa chetu kiwe na mamlaka yake, na nasema waziwazi. Mume wa Bi Tatu alikufa akiutaka Muungano wake. Tulibishana miaka yote, na jeneza lake wanangu walilibeba.

Basi sikia, mwanangu. Unaloliamini lidai kwa hoja, wala usimwogope mtu. Ila usisusie harusi wala maziko ya mwenzio kwa ajili ya siasa, maana serikali zitabadilika na jirani atabaki kuwa jirani.

Mola akupe sauti ya kuidai haki yako, na akujaalie kila unayebishana naye asubuhi, jioni mle sinia moja. Amin.