Profesa Kichaa wa Kwihara

Miaka ile baada ya Uhuru, shule yetu ya mtaa wa Ng'ambo ilipata chumba cha sayansi, na chumbani mkawekwa nyoka ndani ya chupa. Basi, akili zetu zikaharibika. Tukabuni mchezo. Mmoja wetu anakuwa Profesa, kichaa anayeishi kwenye tembe bovu la udongo kule Kwihara. Wengine tunakuwa wapagazi waliopotea njia, wakaenda kubisha hodi kwake. Profesa anasema, "Umeingia chumba cha pili. Kuna ulimi ndani ya kopo, unakusalimia. Unafanya nini?" Ukijibu ovyo, anakubadilisha kiungo. Kaka yangu alipewa miguu ya bata, akatembea nayo hivyo hivyo mpaka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, akachapwa. Profesa bora kuliko wote nilikuwa mimi, na asiyekubali shauri yake.

Tulicheza kwenye baraza alipofanyia kazi Babu, fundi seremala. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilikuwa bure, na daktari alishamwambia aende apasuliwe, lakini wapi! Alishikilia kwamba kule wanang'oa macho ya watu wakatengenezee dawa. "Naona vya kutosha," alisema, huku akimkaribisha mbuzi kiti. Tulicheka sana, kisha tukamkuta mama analia jikoni. Bila macho, Babu angeacha ufundi, na ufundi ndio uliokuwa maisha yake.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukinuna, aibu ni yako. Alasiri moja akaja akaninyang'anya uprofesa. Nilikasirika, jamani! Akajitupia shuka jeupe mabegani kama koti la daktari, akamsimamia Babu.

"We Mnyamwezi! Umeingia kwangu. Nimekung'oa macho, nimekutia ya kuku. Jua likizama tu, unalala. Unafanya nini?"

Babu akaweka randa chini. Kununa hakuweza. "Nakupiga nyundo!"

"Haya, nipige. Nyundo iko wapi?"

Babu akapapasa huku na huku. Nyundo ilikuwa mbele yake. Hakuna aliyecheka.

"Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani," Mzaramo akasema, "wewe unaogopa kisu kidogo cha daktari? Kesho natangaza sokoni."

"Mimi niogope? Nisemwe na Mzaramo? Thubutu!"

Asubuhi akavaa kofia na kanzu, akaenda hospitali, mtani wake nyuma akimtukana njia nzima.

Alirudi na miwani minene, akawa anatushangaa tulivyokua. Jioni mtani akaja barazani. Nilisogea karibu, nisipitwe hata na tusi moja. Mzaramo akakaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Niambie kweli. Jicho liliuma?"

Babu akamtazama. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akauona weupe ule ule wa mtoto wa jicho ukianza ndani ya macho ya mwenzake. Nikajua sasa atalipiza yote. Kumbe Babu alimwachia kidevu, akamshika bega.

"Haliumi, ndugu yangu," akasema. "Twende, nitakushika mkono mimi."