Unga Mweupe Juu ya Sabuni

Sabuni ya mwenzangu ikipasuka mgongoni, niliulizwa mimi. Nilijibu bila kufikiri mara mbili: ilipata joto kupita kiasi, nani alikuambia uifunike blanketi mbili kama mgonjwa wa malaria? Ikitoa matone madogo asubuhi, nilisema ni ukungu wetu huu wa Gesima, ianikwe penye upepo itakauka. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku tatu mjini Kisii, na wanawake wa kikundi chetu cha kanisa wakanifanya mwalimu wao. Siku hizo tatu zilinivimbisha kichwa kuliko miaka yote niliyokaa darasani.

Sabuni zetu tulizitengeneza kwa mafuta ya avokado, zile ndogo ambazo mnunuzi huzikataa, tukawapelekea akina mama waliojifungua hospitalini. Ijumaa moja nilikuwa nikitengeneza ya mwezi huo nyumbani kwangu, peke yangu. Nilikuwa nimechelewa. Sisi Wasabato jua likizama Ijumaa kazi imekwisha, na mimi nilipenda ijulikane kwamba kwangu imekwisha kweli kweli. Mchanganyiko ulikuwa bado mwepesi kama chai ya maziwa, haujafikia kuwa uji mzito, lakini jua lilikuwa limegusa migomba. Nikaumimina hivyo hivyo ndani ya sanduku la mbao, nikaliacha stoo chini ya dirisha. Karatasi ya nailoni ya kufunikia ilikuwa imekunjwa kwenye rafu, hatua tano kutoka nilipokuwa. Sikuichukua. Nilijiambia Sabato imeingia, na nikajisifu moyoni kwa kujiambia hivyo. Hata mchungaji wetu angeifunika sabuni ile na Mungu asiseme neno.

Mama mkwe wangu ni Mkatoliki. Mume wangu anafundisha Narok, kwa hiyo bomani tulikuwa sisi wawili, yeye na nyumba yake, mimi na yangu. Jiko lake linavuja, na tangu nilipoolewa aliweka chungio lake na mtungi wake wa unga wa wimbi kwenye stoo yangu. Jumamosi, mimi nikiwa kanisani, alichekecha wimbi lake kama Jumamosi nyingine zote.

Jumapili mchana wanawake tisa walikuja kukata sabuni. Nilileta sanduku uani huku nikiwaeleza jinsi ya kushika waya. Nikalitua chini. Sabuni yote juu ilikuwa nyeupe, unga umetanda kutoka pembe hadi pembe, mahali pengine umefanya mabaka kama mtoto mwenye choa. Mmoja akauliza, kwa upole tu, "Mwalimu, hii nayo ni nini?"

Sikujua ni nini. Ningesema hivyo, sijui, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa akiingia kutoka misa, bado amevaa kitambaa chake cha kanisani, na mimi nikamgeukia.

"Mama, jana ulichekecha unga juu ya sabuni yangu."

Akasimama. "Nilichekechea nje, mwanangu, pale kwenye ngozi ya ng'ombe."

"Basi huu ni nini? Siku ya Sabato mtu anafanya kazi, halafu anaharibu ya wenzake."

Kwetu mke wa mtoto hampazii mama mkwe sauti, hata wakiwa wawili tu. Mimi niliipaza mbele ya watu tisa. Alitazama sanduku, akatazama wale wanawake, kisha akasema taratibu, "Lakini mimi nilichekecha wimbi."

Chungio lilikuwa limening'inia mlangoni pa stoo, na kila mtu aliona lilivyo jekundu-kahawia. Hakuna mtoto wa Nyamira asiyejua rangi ya wimbi. Hapo ningeweza kucheka, nikamshika mkono, yakaisha. Badala yake nikasema, "Unga ni unga."

Wanawake walishika waya wakaanza kukata. Mama aliingia stoo, akatoka na chungio na mtungi wake, akaenda navyo kwenye jiko lake linalovuja. Baadaye nilimwona akiwasindikiza wageni wangu hadi njiani, jambo ambalo mimi mwenyewe nililisahau.

Jumatatu nilimpigia simu aliyetufundisha Kisii. Hakuhitaji hata kuona picha.

"Uliifunika?"

"Ilikuwa jioni ya Sabato."

"Hewa haijui Sabato, mama." Alicheka. Akanieleza kwamba nilimimina mapema, ikiwa nyepesi, kwenye baridi, nikaiacha wazi. Kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikiwa haijamalizana na mafuta ilikutana na hewa pale juu ikawa unga mweupe. Si sumu, si uchafu. Niikwangue kwa kisu au nipitishe kitambaa chenye maji, na siku nyingine ningoje uji ushike, nipunguze maji, nilaze nailoni juu mara tu nikishamimina.

Nilizikwangua sabuni zote alasiri hiyo. Chini zilikuwa safi, za kijani hafifu, huwezi kujua kama ziliwahi kuwa na kasoro. Usafi ule ndio ulionipa nafasi ya kunyamaza. Nilijiambia mambo yamekwisha, nani tena atauliza?

Mama hakuniuliza. Alinisalimia kila asubuhi kwa jina la mume wangu kama desturi, akauliza ng'ombe alikamwa vipi. Lakini hakuja tena kunywa chai kwangu jioni, na wimbi lake, baada ya mvua za juma lile, nililiona limeanikwa juani likinuka uvundo. Nilipita kando yake na ndoo yangu ya maji. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyenipa pole, ingawa nilikuwa silali vizuri.

Juma la tatu nilijikaza kisabuni, nikaenda jikoni kwake. Nilimweleza yote, hewa, nailoni, haraka yangu. Nilisema nisamehe mama. Alikuwa akikoroga mboga na hakugeuka mpaka nilipomaliza.

"Ulinisema uani," akasema. "Msamaha umeuleta jikoni."

Akanipakulia, nikala.

Jumapili iliyofuata kikundi kilikutana kwa mmoja wetu. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha somo la unga mweupe, na nakiri kwamba njiani nilikuwa nimelipanga vizuri kiasi kwamba lilikuwa somo tupu, chanzo na dawa yake, mama hayumo. Niliposimama nikamwona mkubwa wetu wa umri kikundini akinitazama akiwa ameweka mikono mapajani. Nikasema ambayo sikuyapanga. Nikasema unga ule ulikuwa kosa langu, sikuifunika kwa sababu ya majivuno, na nilimsingizia mama yangu mbele yao huku nikiona kwa macho yangu chungio la wimbi. Nilisema naona haya. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Yule mkubwa alisubiri niketi.

"Sisi tulijua siku ile ile," akasema. "Tungekuja kukuambia. Mama yako alitukataza pale njiani. Alisema, 'Mwacheni, atasema mwenyewe. Hata siku mbili hazitapita.'"

Zilikuwa zimepita ishirini na moja.