Filimbi Niliyopiga Siku ya Posho

Netiboli ililetwa kwetu Bunia na mwalimu mmoja aliyekulia Uganda. Wazazi wake walikuwa watu wa Boga waliokimbilia huko zamani, naye akarudi akiwa mtu mzima, na Kifaransa cha kuokoteza na mpira mmoja. Tulimwita Madame, kama tunavyowaita walimu wote wa kike. Siku ya kwanza alituambia: ukishika mpira, usikimbie nao. Tukacheka mpaka basi. Wavulana waliokuwa wakicheza basketi upande wa pili ndio waliotumaliza kabisa: "Mbona hamudundishi? Iko mupira wa bibi zetu!"

Nikakasirika. Mimi hukasirika upesi, na sijabadilika, mwulizeni mume wangu. Nikaapa kwamba nitaujua mchezo ule mpaka wanyamaze.

Na uliingia mjini, jamani! Tulisimamisha miti miwili, fundi akakunja nondo zikawa pete. Mwanzoni tulikuwa darasa moja tu. Kabla mwaka haujaisha kartie tatu, ndiyo mitaa yetu, zilikuwa na timu, na wasichana waliokimbia vita kule Gety walikuwa wanafika, hawajapata hata blanketi, wanauliza kiwanja kiko wapi. Nadhani miguu yetu ilikuwa imechoka na kazi moja ya kukimbia. Sijui. Ninachojua ni kwamba hatukuweza kutulia nyumbani.

Kartie yetu ilikuwa na desturi yake wakati ule. Vijana wa zamu wakiona wenye bunduki wanakuja, mmoja anapiga filimbi ndefu, akina mama wanagonga masufuria, na kila mtu anabeba mtoto na godoro na kukimbilia upande wa uwanja wa ndege. Ndiyo maana Madame alichezesha kwa kupiga makofi. Filimbi yake ya Uganda ilikaa ndani ya mfuko wake, na alituonya sote: atakayeigusa, asirudi tena kiwanjani.

Mfungaji wetu alikuwa rafiki yangu, tuliyeketi naye dawati moja. Kwao ni ng'ambo ya barabara kubwa, kabila lingine, na mwaka ule neno hilo lilikuwa zito. Jamaa zake wote walikuwa wanahamia Beni, na kamio lao, lori la mizigo, lilikuwa la Ijumaa. Nikamfuata kwao, nikamshika mikono, nikalia bila haya.

"Weye ukienda, nani atafunga? Bakia mpaka mechi ya posho. Utaenda na kamio ya Jumatatu."

Posho ndiyo Jumamosi yetu. Mama yake akakataa katakata. Aliyetuonea huruma ni shangazi yake, mama mnene mcheshi aliyeuza mawese sokoni. "Acha mutoto acheze," akasema. "Nitabakia naye. Jumatatu tutaenda siye wawili."

Ye! Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Furaha ile haikufika mbali. Ijumaa, kamio la wenzao lilipoondoka tu, tulisikia milio upande wa mlima, nami nikaanza kuhesabu kwa vidole: leo, posho, yenga, Jumatatu. Mungu wangu, tupitishe siku hizi tu, nilisema. Nilifagia ua mara mbili. Mama akaniuliza kama nina wazimu.

Siku ya posho tulicheza na timu ya kartie ya juu. Niliumia goti mapema, nikakaa pembeni karibu na mfuko wa Madame. Beki wao, msichana mrefu, alimbana rafiki yangu pua kwa pua, na sheria inasema umwachie nafasi anayelenga. Madame akapiga makofi, kelele za watu zikayameza. Mara ya pili yule beki akamsukuma. Mara ya tatu rafiki yangu akaanguka, kiwiko kikachubuka, damu ikatoka. Sikufikiri. Nilitia mkono ndani ya mfuko ule, nikapiga filimbi kwa pumzi yangu yote, nikapaza sauti: "Faulo! Faulo, shetani weye!"

Nani alisikia faulo? Masufuria yalianza nyumba ya pili, kisha ya kumi. "Banakuya! Banakuya!" Kiwanja kilimwagika. Nikamwona rafiki yangu akienda na watu, miguu mitupu, nikamwita, hakugeuka. Nikachechemea nyuma yao nikilia kwamba ni mchezo, ni mchezo tu. Mama mmoja alinipiga kofi na kuendelea kukimbia.

Jioni watu walirudi wakitutukana. Shangazi alifika kwetu akihema, kikwembe kimelowa jasho, ndala mguu mmoja. Alikuwa amekimbia mpaka karibu na uwanja wa ndege. "Mutoto iko wapi?"

Jirani yetu ndiye aliyemjibu. Alikuwa amemwona kwa macho yake akivutwa juu ya kamio lililokuwa linaondoka kwenda Beni, pamoja na wengine waliokimbia. Shangazi akaketi chini, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu. Halafu akamwuliza mama: "Na siye tuliobakia? Kuna kitu kweli? Nilale hapa kwenu, ao nirudie?"

Mama akanitazama. Nilikuwa nimeona aibu ya kutosha kwa siku moja, nilitaka maneno yaishe. "Hakuna kitu, Shangazi," nikasema. "Ilikuwa mimi tu. Rudia nyumbani."

Akanivuta sikio. "Mupumbavu weye," akasema, akaenda zake.

Yenga, kabla ya misa, walikuja kweli. Sitasema ni kina nani, kila upande ulikuwa na wake. Waliingilia ng'ambo ya barabara kubwa, na saa sita mchana mtaa ule haukuwa na nyumba yenye paa. Shangazi hakutoka. Hasira hasara, wanasema, lakini mimi hasara yangu ililipwa na mtu mwingine.

Rafiki yangu alinipata kwa simu miaka mingi baadaye. Yuko Beni, ana watoto, na anafundisha timu mbili za netiboli. Huwaambia wasichana wake kwamba niliwaona adui kabla ya wote nikampigia filimbi ili akimbie. "Nilijua ni weye," akasema. "Uliniokoa." Nikakohoa.

Kisha akaniuliza polepole: "Na Shangazi, siku ile, alisikia filimbi?"

"Alisikia."

"Alikimbia?"

"Alikimbia, tena mbali."

Akashusha pumzi, akasema afadhali, angalau alijaribu. Hakuniuliza ni nani alimwambia arudi nyumbani, na mimi sikusema.