Kiraka cha Kibibi

Watu wa hapa kwetu Sudi wakikwambia Kibibi binti Shamte ni mkaidi, usibishane nao. Ni kweli. Ila waulize mkaidi wa nini, uone watakavyoanza kukohoa.

Mimi ni Salima, shoga yake, na shamba langu la mwani limepakana na lake. Zamani tulifunga kamba zetu pale pale kwenye maji ya magotini. Siku hizi maji ya kando yamekuwa ya moto, mwani unaoza kwenye kamba ungali mchanga. Ukitaka mwani wa maana upande kwenye kina, na kwenye kina huendi kwa miguu. Unataka chombo. Wenye vyombo ni wanaume, na wanaume wana safari zao. Msimu mzima tunawabembeleza, huku mwani wetu unakatika unakwenda na maji. Iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Kibibi chombo alikuwa nacho, tatizo kilikuwa kibovu. Marehemu baba yake, mzee Shamte, aliacha mashua ndogo, imelala juu ya ufukwe miaka, ubavu umepasuka karibu na mkuku, ule uti wa chini. Baba yake mdogo, mzee Ahmadi, ana sehemu yake katika urithi ule, na alikuwa keshachoka kuitazama. Akamwambia Kibibi mbele za watu: "Bamvua lijalo isipoelea, naitia shoka, iwe kuni za kuchomea chokaa." Pale ilipolala hayafiki maji mengine ila yale makubwa ya bamvua, kwa hiyo muda wenyewe ulikuwa huo huo.

Fundi wa vyombo hapa kwetu ni Nurdin. Kibibi alimfuata, akamwamkia vizuri, akamwomba aikalafati, aushindilie ufa pamba. Nurdin akacheka. Chombo cha kubebea wanawake yeye hakigusi, na isitoshe kingo za mbao zimeoza, pamba haitashika. Kibibi akasema, "Basi nitaziba mwenyewe, kwa gundi." Wee, kicheko kilichochekwa ufukweni siku ile! Gundi, kama anabandika soli ya kiatu. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Nurdin akamtupia. Kibibi akamjibu kwamba Idi ni siku nzuri tu, aje atamlisha pilau.

Tukapanda gari mpaka Mingoyo, kwa Severini, mwenye duka la vifaa vya mafundi wa magari. Kwanza alitutolea bodifila, ile wanayojazia bati la gari lililobonyea. Kibibi akauliza, "Hii ikilala majini je?" Severini ni mtu wa kweli, akasema, "Inafyonza maji, mama. Itavimba itoke." Akatoa epoksi, gundi ya kukauka kwa dakika chache. Kibibi akaisukuma kando. Ubavu wa mashua, na jua letu lile, itamgandia kwenye kopo kabla hajainama. Akachagua epoksi ya polepole, kopo la gundi na kopo la dawa yake ya kuigandisha, pamoja na kitambaa cha faibaglasi cha kulaza juu. Njia nzima ya kurudi aliyapakata makopo yale kwenye mapaja.

Hapa sasa nisikufiche. Mzee Shamte alikuwa na ada yake: chombo hakianzwi kazi mpaka kipakwe sifa, mafuta ya maini ya papa, mbao zinywe zishibe. Kibibi aliifuata ada ya baba yake. Akaipaka mashua sifa ubavu mzima, ikang'aa, ikanuka, ndipo akachanganya gundi akaziba. Asubuhi yake kiraka kilibanduka chote kwa mkupuo mmoja, kama ukoko kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Nurdin alikishika akawapungia watu. Mzee Ahmadi akaenda kunoa shoka.

Mimi nililia kwa hasira. Kibibi hakulia. Alikigeuza kile kiraka, akapitisha kidole upande wa chini, akakinusa. "Sifa," akasema. "Gundi haikugoma. Mimi ndiye niliyeinyima mahali pa kushika. Baba anisamehe, mara hii sipaki."

Akaanza upya. Akakwangua kwa randa na msasa mpaka mbao ikatoa rangi yake, akaifuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na kila kitambaa kilichoshika mafuta akakitupa. Palipooza akakata, akapachika kipande kikavu. Akatandaza makuti juu pawe na kivuli. Kwanza akapaka gundi tupu, mbao inywe hiyo badala ya sifa. Kisha akaichanganya na unga wa mbao ikawa nzito kama uji wa mtoto, akajaza ufa, akalaza kitambaa, akapaka tena. Alichanganyia kwenye sinia pana, maana kwenye kopo ilichemka ikatoa moshi. Ilipokauka akaipiga rangi, jua lisiile. Waliokuwa wakimcheka aliwapa mgongo, akaendelea na kazi. Niliwajibu mimi, na sikuwabakizia.

Bamvua likafika. Wanawake wa mwani tulikuja tumejifunga kanga viunoni, tayari kusukuma. Wanaume wamekaa kwenye magogo wanatazama. Mzee Ahmadi akaja na shoka lake.

"Shikamoo, baba," Kibibi akamwamkia.

"Marahaba. Utazama na watoto wa watu kwa gundi hiyo. Bora nikuonyeshe hapa hapa pakavu."

Kabla hatujamshika, akageuza shoka akakipiga kiraka kwa kisogo chake. Akapiga tena, kwa nguvu zake zote. Kikasikika kitu kinapasuka. Tuliinama sote kutazama. Kiraka kilikuwa kizima, kimechubuka rangi tu. Iliyopasuka ni mbao ya zamani, pembeni yake.

Nilikuwa na matusi mdomoni, Mungu ananijua. Kibibi akaniwekea mkono kifuani ninyamaze. Akaenda bandani, akarudi na sinia, makopo na randa, akaviweka miguuni pa mzee.

"Baba, chombo hiki ni cha ndugu yako, na wewe umekipasua. Kesho kutwa maji bado yanafika hapa. Weka shoka chini. Mimi nakwangua, wewe unakoroga."

Mzee alimtazama Nurdin. Nurdin akatazama baharini. Mzee akalaza shoka mchangani, akaketi, akavuta sinia.

"Nikoroge upande gani?"

"Wowote, baba. Ila usiache."

Kesho kutwa yake tuliisukuma majini ikaelea, na mzee Ahmadi alikuwa mbele yetu, bega lake kwenye kiraka.