Amina ya Mashine Iliyozimwa

Jamani, leo maombi yameniharibia kazi, na sina mahali pa kulalamika.

Mnaijua ile programu yangu ya kubadilisha matangazo kwenye intaneti: ukifungua ukurasa unaona duka la mbegu, ukirudi unaona hoteli.

Nilikuwa nimebuni njia ya kompyuta kuunganisha vipande vyake vyote yenyewe, kwa amri moja. Kwa mashine yetu kuukuu hapa Embu, hiyo ni kazi ya asubuhi nzima, na leo nilikuwa nimeianzisha mapema.

Ilikuwa imebaki kidogo tu imalize, wateja wakafika kutoka Meru kuiona programu ikitangaza biashara zao. Bosi akamwomba pasta aliyekuwa amemwalika afungue mkutano kwa maombi.

Tukafumba macho. Feni ya kompyuta inanguruma.

Nikasikia tik.

Kufumbua macho, kioo ni cheusi!

"Nimeizima mimi," bosi akaninong'oneza. "Inampigia mtumishi wa Mungu kelele. Si utaiwasha tu?"

Nikaiwasha. Kazi yote ilikuwa imepotea.

Wageni wakamaliza chai, wakasema watabandika karatasi zao sokoni. Bosi akawasindikiza akiwaambia, "Hii teknolojia bado haijaiva."

Haijaiva!

Ningekatiza maombi? Hebu niambieni.

Kinachoniuma zaidi, pasta alikuwa anaibariki hiyo hiyo mashine. Na mimi nikaitikia amina, tena kwa sauti.